Mgongo wa Mchuma Chai na Mafuta Yanayotuliza Maumivu

Saa kumi na mbili unusu asubuhi ukungu bado umelalia vilima vya Kericho, na mchuma chai tayari amefunga aproni ya plastiki kiunoni, maana umande wa majani humlowesha mtu hadi mapajani kabla jua halijachomoza vizuri. Anajitwika kapu mgongoni na kuingia safuni. Mikono yote miwili inakwenda kwa pamoja: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi konzi ijae, kisha inarushwa nyuma ya bega na kuangukia kapuni bila yeye kugeuka kutazama. Konzi moja ni gramu chache tu. Baada ya saa mbili gramu hizo zimekuwa kilo. Kapu linamvuta nyuma, na kichaka cha chai kinachomfika kiunoni kinamtaka ainame mbele.

Uti wa mgongo wake umo katikati ya mivuto hiyo miwili.

Kuanzia Chagaik upande wa Kericho hadi Mogogosiek kule Bomet, wachumaji wanazijua tabia za maumivu haya kama wanavyozijua tabia za mvua ya alasiri. Asubuhi mgongo ni mkavu kama ubao. Kazi ikichanganya, unalegea kidogo. Jioni, kapu likishatuliwa kwenye mzani na mwili ukianza kupoa, ndipo unapowaka. Wapo pia watu wawili waliochuma safu jirani miaka nenda miaka rudi, mmoja akastaafu akitembea wima, mwenzake asiweze hata kuinua mtungi wa maji. Tofauti hiyo haielezwi na uzito wa kapu peke yake. Sehemu yake imo katika kemia ya mwili, na kwa kiasi kikubwa kemia hiyo inafanyika ndani ya mafuta.

Hapa hayazungumziwi mafuta ya tumboni wala ya kikaangoni. Ni vipande vidogo mno vya mafuta ambavyo mwili hujitengenezea ili kupaza sauti ya maumivu, kuishusha, na hatimaye kuizima. Tangu miaka ya 1930 sayansi imekuwa ikivifuata kimoja baada ya kingine. Kilichopatikana kinamhusu mchumaji wa Kericho na Bomet moja kwa moja, kwa sababu kinaonyesha kile ambacho kidonge kinaweza kumfanyia na kile ambacho hakiwezi.

Ghala ndani ya utando

Kila seli ya mamalia, iwe ya ng'ombe wa maziwa anayefugwa nyuma ya nyumba kule Silibwet au ya mama anayemkama, imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Zamani utando huo ulichukuliwa kuwa ukuta tu, wa kutenganisha ndani na nje. Leo inajulikana kwamba ni ghala pia. Seli ikibanwa, ikichanika au ikikosa damu ya kutosha, vimeng'enya hukata vipande kutoka kwenye utando wenyewe na kuvituma nje kama ujumbe.

Ujumbe huo una sifa ya pekee. Vijumbe vingi vya neva hutengenezwa mapema na kuwekwa akiba kwenye vifuko, tayari kwa kutumwa. Hivi vya mafuta hutengenezwa palepale vinapohitajika, hufanya kazi karibu na pale vilipozaliwa, kisha huvunjwa, mara nyingi baada ya dakika chache. Wataalamu huviita lipidi za ujumbe. Aina zake ni nyingi, ila kwa upande wa maumivu zinaweza kugawanywa kwa kazi nne: kuna zinazopiga kengele, zinazokanyaga breki, zinazotuliza seli za kinga, na zinazofagia baada ya moto kuzimwa.

Kengele

Wapiga kengele wakuu ni prostaglandini. Jina hilo lilitolewa miaka ya 1930 na Ulf von Euler wa Sweden, aliyedhani kwamba zinatoka kwenye tezi dume. Baadaye ilibainika kwamba karibu kila sehemu ya mwili inazitengeneza. Misuli au kano ikiumia, asidi ya arakidoni hukatwa kutoka kwenye utando wa seli, kisha kimeng'enya kiitwacho COX huigeuza kuwa prostaglandini. Hapo mishipa midogo ya damu hutanuka, sehemu iliyoumia huwa nyekundu, hupata moto na kuvimba.

Jambo la kushangaza ni kwamba prostaglandini yenyewe haiumizi sana. Kazi yake ni kuifanya neva iwe nyepesi kulia. Neva iliyokuwa ikingoja pigo kubwa ndipo itoe taarifa, sasa inatoa taarifa kwa mguso mdogo. Ndiyo sababu mtu aliyebeba kapu mchana kutwa anaweza kuumizwa usiku na godoro lake mwenyewe, au na kukohoa tu.

Mwaka 1971 John Vane, akifanya kazi London, alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Ibuprofeni na diklofenaki zinafuata njia hiyo hiyo, na hizi ndizo dawa zinazotawala rafu za kemisti katika miji ya chai.

Mazungumzo ya pale kaunta ni mafupi. Mama anaingia jioni, gambuti bado zina matope mekundu.

"Kijana wangu, nipatie zile za mgongo."

"Umekula, mama?"

Swali hilo la kijana wa kemisti lina sayansi nzima ndani yake. Prostaglandini zilezile zinazopiga kengele mgongoni ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Kidonge hakijui kuchagua. Kinazima za mgongoni na za tumboni kwa pamoja. Chakula hupunguza muwasho wa hapo kwa hapo, lakini mtu anayemeza diklofenaki kila jioni kwa miezi bado yumo hatarini kupata vidonda vya tumbo na madhara ya figo hata akiwa ameshiba, na hatari huongezeka kama kutwa nzima hakunywa maji ya kutosha.

Breki

Mwili uliojaliwa kengele umejaliwa na breki. Breki hiyo iligunduliwa kwa kupitia bangi.

Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, wakiwa Israeli, walitenga kemikali inayoleta ulevi wa bangi. Mwaka 1988 kipokezi chake kwenye ubongo kikapatikana, na swali likajitokeza lenyewe: kwa nini ubongo wa mamalia uwe na kufuli ya ufunguo unaoota shambani? Lazima mwili una ufunguo wake. Mwaka 1992 Mechoulam, William Devane na Lumír Hanuš waliupata ndani ya ubongo wa nguruwe. Ulikuwa kipande cha mafuta kinachotokana na asidi ya arakidoni, mzazi yuleyule wa prostaglandini. Walikiita anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Miaka mitatu baadaye kikapatikana kingine, 2-AG, ambacho ubongoni ni kingi zaidi.

Ni vyema jambo hili lieleweke vizuri mahali ambapo bangi ni kosa la jinai: anandamaidi si bangi, na anayekuwa nayo mwilini hajavuta chochote. Mtoto mchanga anayo, ng'ombe anayo, hakimu anayo. Mmea ndio uliotokea kuwa na kemikali inayofanana na kitu ambacho mamalia walikuwa nacho tayari.

Jinsi breki hii inavyofanya kazi, mkulima mdogo wa Bomet ataielewa upesi. Msimu wa mvua chai huchipua kwa wingi, malori hupanga foleni, na kiwanda hulemewa. Hapo ujumbe hurudi nyuma, kutoka kiwandani hadi kituo cha kununulia majani: punguzeni, leo msichume. Lipidi hizi hufanya vivyo hivyo. Taarifa za maumivu husafiri kutoka neva moja hadi nyingine kuelekea ubongoni. Neva inayopokea ikilemewa, hukata 2-AG kutoka kwenye utando wake na kuirudisha nyuma kwa ile inayotuma, ikiiambia ipunguze. Ujumbe huu unaosafiri kinyumenyume ulithibitishwa na maabara kadhaa mwaka 2001.

Breki hiyo hulegea upesi. Kimeng'enya kiitwacho FAAH huivunja anandamaidi karibu mara tu inapotengenezwa, na 2-AG nayo ina kivunjaji chake. Mwili unataka utulivu wa muda, hautaki ganzi.

Nchi ya chai ina sababu nyingine ya kuifuatilia breki hii. Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho, ndiye aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, na miaka minne baadaye akaleta fedha kutoka Mexico. Wakimbiaji husimulia jinsi miguu inayouma inavyofika mahali ikanyamaza na mwili ukawa mwepesi. Kwa muda mrefu sifa hiyo ilipewa endofini, kemikali nyingine ya mwili ya kutuliza maumivu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipima damu ya binadamu, mbwa na feriti, mnyama wa jamii ya kicheche, baada ya kuwakimbiza. Kwa binadamu na mbwa, mamalia walioumbwa kwa mwendo mrefu, anandamaidi ilipanda. Kwa feriti haikupanda. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba panya waliokimbia walikosa utulivu na nafuu ya maumivu pale vipokezi vya lipidi hizi vilipozibwa, ilhali kuzuia endofini hakukubadili matokeo.

Mchumaji hakimbii mita 800. Kazi yake ni mwendo wa polepole wa saa nyingi, akiwa ameinama na kubeba. Hata hivyo matokeo hayo yanatoa dokezo kuhusu ule mgongo unaolegea kazi ikichanganya na kuwaka baada ya kukaa.

Siri ya Panadol

Dawa ya maumivu inayojulikana kuliko zote Afrika Mashariki inaingia katika hadithi hii kwa mlango wa nyuma. Kwa miongo mingi watu walimeza paracetamol, dawa iliyomo kwenye Panadol, bila mtu yeyote kueleza vizuri inavyofanya kazi. Haipunguzi uvimbe kama aspirini, lakini maumivu na homa vinashuka.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walitoa maelezo ambayo hayakutarajiwa. Ini huibadili paracetamol kwanza. Kipande kinachobaki kikifika ubongoni huunganishwa na asidi ya arakidoni, na anayefungisha ndoa hiyo ni FAAH, kimeng'enya kilekile kinachovunja anandamaidi. Kinachozaliwa ni lipidi mpya iitwayo AM404. Moja ya kazi zake ni kuichelewesha anandamaidi isiondolewe haraka, na nyingine ni kuamsha kipokezi ambacho pia huamshwa na ukali wa pilipili. Panya wasiokuwa na FAAH hawatengenezi AM404.

Kwa maneno mengine, mchumaji anapomeza vidonge viwili na kikombe cha chai ya maziwa, sehemu ya nafuu anayoipata inatokana na mwili wake kukigeuza kidonge kuwa mafuta yanayofanana na yale unayojitengenezea wenyewe.

Yai, njugu na watoto wa New York

Kundi la tatu lina historia iliyoanzia kwenye sahani. Miaka ya 1940 daktari Alvin Coburn wa New York aliona kwamba watoto wa familia maskini walikuwa wakisumbuliwa mno na homa ya baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo na kuharibu moyo. Akachunguza chakula chao na kuona wanakula mayai machache. Alipowaongezea kiini cha yai, homa hiyo ikapungua hata pale hali nyingine za maisha zilipobaki vilevile. Mwaka 1957 wanakemia wa kampuni ya Merck walitambua kitu kilichohusika ndani ya kiini cha yai, soya na njugu. Ni lipidi ambayo jina lake refu ni palmitoilethanolamaidi, kwa ufupi PEA.

PEA haishiki kipokezi cha bangi, kwa hiyo hailevyi. Mwaka 1993 Rita Levi-Montalcini wa Italia, aliyekuwa ameshapata Nobel mwaka 1986, alieleza na wenzake jinsi lipidi za aina hii zinavyotuliza seli za kinga zijulikanazo kama seli mlingoti, ambazo hukaa jirani na neva na kumwaga kemikali za kuwasha zikichokozwa. Mwaka 2005 ikaonekana pia kwamba PEA huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuwasha swichi iitwayo PPAR-alfa, inayopunguza utengenezaji wa kemikali za uvimbe. Ikiwa anandamaidi ni breki ya neva, PEA ni mzee wa mtaa anayekwenda kuwasihi vijana washushe mawe.

Je, vidonge vyake vinamfaa mwenye mgongo unaouma? Jibu lipo, ila lina pande mbili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 liliwahusisha wagonjwa 636 wa maumivu ya kiuno yanayoteremka mguuni. Waliopewa PEA kwa wiki tatu walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na waliopewa miligramu 600 walipata nafuu zaidi ya waliopewa 300. Lakini mwaka 2016 jaribio la Denmark lenye wagonjwa 73, waliopata maumivu ya neva baada ya kuumia uti wa mgongo, halikuona tofauti yoyote kati ya PEA na kidonge kitupu. Maumivu ya neva iliyobanwa na kuvimba ni kitu kimoja, na maumivu ya uti uliokwisha kuharibika ni kitu kingine.

Tahadhari nyingine inahusu chakula. Mayai na njugu ni chakula bora kwa sababu nyingi, lakini PEA iliyomo ni kidogo mno kulinganisha na kipimo kilichotumika kwenye majaribio. Anayeuza njugu barabarani akidai zinatibu mgongo hana sayansi nyuma yake.

Wafagiaji

Hadi mwishoni mwa karne iliyopita iliaminika kwamba uvimbe hufifia wenyewe, kama moto unaokosa kuni. Kuanzia mwaka 2000 Charles Serhan wa Boston na wenzake walionyesha kwamba haufifii tu, unazimwa. Mwili hutengeneza lipidi maalumu za kumaliza kazi, zikiwemo rezolvini, kutokana na mafuta ya omega-3, yale yaliyomo kwenye samaki, pamoja na omena wanaoletwa na wachuuzi kutoka Ziwa Victoria. Rezolvini huziambia seli za kinga zilizokusanyika zisimamishe vita, na huziita nyingine zije kusafisha mabaki. Mwaka 2010 ilionekana kwa panya kwamba kiasi kidogo sana cha rezolvini hupunguza maumivu ya uvimbe.

Ikiwa kuzima ni kazi inayofanywa kwa hatua, je, kuukata uvimbe mapema kwa kidonge kunaiharibu? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha utafiti uliowatikisa madaktari wengi. Waliwafuata watu 98 wenye maumivu mapya ya mgongo kwa miezi mitatu. Waliopona ndio ambao seli zao za kinga zilikuwa zimepamba moto mwanzoni, na ambao maumivu yao yaligeuka sugu hawakuwa na moto huo. Panya waliopewa dawa za kukata uvimbe walipata nafuu haraka, lakini maumivu yao yakadumu muda mrefu zaidi. Na katika hifadhidata kubwa ya afya ya Uingereza, waliotumia dawa za aina hiyo wakati wa maumivu mapya ya mgongo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bado na maumivu miaka kadhaa baadaye.

Matokeo hayo hayamwambii mtu atupe dawa alizoandikiwa. Rekodi za hifadhidata haziwezi kutenganisha kikamilifu kati ya dawa na ukali wa maumivu yaliyomfanya mtu aitafute. Yanachosema ni kwamba uvimbe wa siku za mwanzo una kazi, na kwamba kazi hiyo inahitaji muda.

Muda ndicho kitu ambacho mchumaji hana. Anayelipwa kwa kilo akilala siku tatu amepoteza kilo za siku tatu. Kwa hiyo anameza, anarudi safuni, na kapu linaanza upya jeraha ambalo wafagiaji walikuwa hawajamaliza kulifagia.

Mwanamke wa Inverness na maafa ya Rennes

Baada ya FAAH kutambuliwa kuwa ndiyo inayolegeza breki, wazo la dawa lilikuwa dhahiri: izuie FAAH, anandamaidi itapanda, maumivu yatashuka. Kwa panya ilifaulu. Kwa binadamu haikwenda hivyo. Mwaka 2012 kampuni ya Pfizer ilichapisha matokeo ya jaribio kwa wagonjwa wa magoti. Dawa yao iliizuia FAAH vizuri na anandamaidi ikapanda, lakini magoti yaliendelea kuuma sawasawa na ya waliopewa kidonge kitupu. Januari 2016, mjini Rennes, Ufaransa, dawa nyingine ya kundi hilo ilijaribiwa kwa watu wenye afya njema. Mmoja alifariki na wengine wakalazwa, baadhi wakiwa na madhara ya ubongo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba dawa hiyo ilikuwa ikivizuia pia vimeng'enya vingine vya mafuta ambavyo haikukusudiwa kuvigusa.

Kisha mwaka 2019 likatangazwa tukio lililorudisha matumaini. Jo Cameron, mwanamke wa Scotland aliyekuwa na umri wa miaka 71, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mkono katika hospitali ya Raigmore, Inverness, na hakuhitaji dawa za maumivu ambazo wengine huzililia. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba FAAH yake ni dhaifu tangu kuzaliwa, kwa sababu ya mabadiliko mawili, moja likiwa kwenye kipande cha jeni kilichopewa jina FAAH-OUT. Damu yake ina anandamaidi na PEA nyingi kuliko ya watu wengine. Hana wasiwasi, na vidonda vyake hupona upesi.

Lakini mama huyo huungua jikoni na kujua kwa harufu ya ngozi yake. Nyonga yake iliharibika vibaya kabla hajajua kwamba ina tatizo. Kwa mtu anayebeba mzigo kila siku kwenye mteremko wenye utelezi, mwili wa namna hiyo ungekuwa hatari. Maumivu ndiyo yanayomwambia mchumaji kwamba pingili zake zimefika mwisho wa uwezo wao.

Mgongo mahakamani

Scotland inaingia katika habari za mgongo wa Kericho kwa njia nyingine pia. Zaidi ya wachumaji elfu moja, waliopo kazini na walioacha, waliishtaki kampuni ya James Finlay (Kenya), iliyosajiliwa Scotland, katika Mahakama ya Session mjini Edinburgh. Walidai kwamba migongo na viungo vyao viliharibiwa na kazi: saa nyingi za kuchuma bila mapumziko ya kutosha, kapu zito mgongoni, ardhi ya mabonde na miinuko. Kampuni ilipinga madai hayo. Mahakama iliwaruhusu washtaki kwa pamoja kama kundi, na mwishoni mwa mwaka 2023 majaji wa rufaa wakaisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza utaratibu wa Kenya, yaani Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007.

Sheria hiyo ina jedwali linalopima ulemavu kwa asilimia. Kupoteza viungo viwili vya mwili ni asilimia 100, na kutoka hapo inateremka kiungo kwa kiungo, hadi vidole. Kwa aliyekatwa mkono na mashine jedwali liko wazi. Kwa mwenye mgongo unaowaka kila jioni ugumu unaanza, kwa kuwa picha ya eksirei inaweza kuonyesha pingili zilizochakaa kwa mtu asiyeumwa, na isionyeshe lolote kwa mtu asiyeweza kuinama. Elimu ya lipidi inasaidia kueleza sababu. Maumivu yanaamuliwa na hali ya kengele, breki, watulizaji na wafagiaji, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayeonekana kwenye eksirei. Mwaka 2020 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilirekebisha fasili yake na kusisitiza kwamba maelezo ya anayeumia lazima yaheshimiwe. Katika ofisi ya afisa wa mafao, msimamo huo una uzito wa kisayansi nyuma yake.

Wapo wanaosema mashine za kuchuma zitamaliza tatizo. Kweli zinaondoa kapu mgongoni, lakini huondoa na ajira, na Mei 2023 hasira juu ya jambo hilo ililipuka, mashine zikachomwa moto mashambani. Mgongo uliopumzishwa kwa kufutwa kazi haulishi watoto. Kati ya kapu la zamani na mashine kuna mambo ambayo hayahitaji kungoja dawa mpya: kupima kapu mara nyingi zaidi ili lisijae, vituo vya mzani karibu na safu, mapumziko mafupi yanayolipwa, na siku za nafuu za kweli kwa mgongo ulioumia kwa mara ya kwanza, kabla haujawa sugu. Kila moja linaupa mwili kile ambacho lipidi zake zinakihitaji ili zimalize kazi.

Mjini Kericho kuna taasisi ya utafiti wa chai ambayo mizizi yake inarudi hadi 1951. Wataalamu wake wamelichunguza jani hadi ndani ya seli, wakapima kemikali zake msimu kwa msimu, na mwaka 2011 wakatoa aina ya chai ya zambarau, TRFK 306. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko kilomita chache kutoka mashambani. Vifaa vinavyopima kemia ya jani ni jamaa wa karibu wa vile vinavyopima anandamaidi na PEA katika damu. Kwa vifaa hivyo utafiti wa mgongo wa mchumaji ungewezekana papa hapa: damu ya aliyejitolea ingechukuliwa Jumatatu asubuhi kabla ya kapu na Jumamosi jioni baada ya mzani, ikapoozwa papo hapo kwa kuwa lipidi hizi hazidumu, na kando ya kila chupa ikaandikwa idadi ya kilo alizobeba wiki hiyo na maneno yake mwenyewe kuhusu mgongo wake.